Kobalti ni ileile, kazi si ileile: leza yapanga upya atomu za madini

Kwa miaka mingi malori yaliyobeba magunia makubwa yamekuwa yakijipanga kwenye barabara inayotoka Kolwezi, kupitia Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Ndani ya magunia hayo mna haidroksidi ya kobalti, unga ambao karibu theluthi moja tu ya uzito wake ndiyo kobalti yenyewe. Kutoka mpakani unasafiri hadi bandari za Durban au Dar es Salaam, kisha unavuka bahari. Katika safari hiyo yote unapimwa kwa kipimo kimoja: tani.

Kaskazini mwa dunia, katika mji wa Essen nchini Ujerumani, kobalti inapimwa kwa gramu, mara nyingine chini ya hapo. Katika maabara za Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, watafiti wanaitia ndani ya maji ikiwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kisha wanaimulika kwa leza. Hawatafuti kupata kobalti zaidi. Wanataka kobalti ileile ifanye kazi ambayo jana haikuweza kuifanya.

Kwa nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, kazi hiyo inastahili kufuatiliwa kwa karibu. Inaonyesha kwamba thamani ya madini haiko katika wingi wake tu. Iko pia katika namna atomu zake zilivyopangwa, na mpangilio huo sasa unaweza kubadilishwa kwa mwanga.

Mshenga asiyechoka

Ili kuelewa kinachotafutwa, ni lazima kwanza kujua kichocheo ni nini. Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko fulani bila chenyewe kuliwa. Kazi yake inafanana na ya mshenga: anazikutanisha familia mbili, ndoa inafungwa, naye anarudi nyumbani akiwa mzima, tayari kwa ndoa nyingine.

Mwaka 1823, mkemia Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner alipuliza gesi ya hidrojeni juu ya platinamu iliyokuwa na matundu kama sponji. Gesi ikawaka moto bila kiberiti, na platinamu ikabaki kama ilivyokuwa. Miaka 12 baadaye, Msweden Jöns Jacob Berzelius akaipa hali hiyo jina ambalo wanakemia wanalitumia hadi leo.

Tangu wakati huo vichocheo vimeingia kila mahali. Mbolea, mafuta ya gari, plastiki na dawa nyingi hupitia kwenye kichocheo kabla ya kufika sokoni. Hata gari linalopita barabarani, kama ni la miaka ya karibuni, lina gramu chache za platinamu, paladiamu au rodiamu ndani ya bomba lake la moshi, kwa ajili ya kupunguza sumu.

Lakini mshenga huyu ana tabia moja. Anafanya kazi kwenye uso wake tu. Atomu zilizo ndani kabisa ya kipande cha chuma hazikutani na gesi wala maji, kwa hiyo hazifanyi lolote. Ndiyo maana wanasayansi hupenda kukata chuma vipande vidogo iwezekanavyo.

Kila mama anayepika bukari anaijua hesabu hii. Muhogo mzima hukaa motoni muda mrefu, lakini ukisagwa kuwa unga, unaiva mara moja, kwa sababu maji ya moto yanaugusa kila mahali. Kwa chuma, hesabu ni kubwa zaidi. Kipande chenye upana wa sentimita moja kila upande kina uso wa sentimita za mraba 6, sawa na stampu ya barua. Kikikatwa kuwa vipande vya nanomita 10 kila kimoja, uso wake wote unafikia mita za mraba 600, eneo linalotosha kiwanja cha nyumba. Chuma hakijaongezeka hata gramu moja.

Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Dhahabu iliyoamka

Udogo hauongezi uso peke yake. Wakati mwingine hubadilisha tabia ya chuma kabisa, na mfano mzuri ni dhahabu, ambayo wakaaji wa Ituri na Kivu wanaifahamu vizuri. Pete ya dhahabu haishiki kutu, haiungui, haijibizani na karibu kitu chochote. Kwa muda mrefu wanakemia waliamini kwamba dhahabu ni mvivu, haifai kuwa kichocheo.

Katika miaka ya 1980, mtafiti Mjapani Masatake Haruta alionyesha kwamba sivyo. Chembe za dhahabu zenye upana wa chini ya nanomita 5 hivi, zikiwekwa juu ya oksidi inayofaa, zinaigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Kaboni monoksidi ni ile gesi isiyo na harufu inayowaua watu waliolala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Dhahabu ile ya pete, ikiwa ndogo vya kutosha, inaikomesha.

Tangu hapo swali likawa moja: chembe hizo zitengenezwe vipi, na atomu zake zipangwe vipi, ili zifanye kazi vizuri zaidi?

Njia ya kawaida ni ya kemikali. Chumvi ya chuma inayeyushwa, kemikali nyingine inaongezwa, na chembe zinaanza kuota ndani ya maji. Ili zisishikamane, huongezwa vitu vingine vinavyozifunika kama koti. Tatizo ni koti hilo. Linafunika uso uleule unaotakiwa kufanya kazi. Likioshwa, mabaki yanabaki. Likichomwa kwa moto, chembe zinayeyukiana na kurudi kuwa kubwa.

Hapo ndipo leza inapoingia.

Njia ya kwanza: kukwangua chuma chini ya maji

Leza ya kwanza iliwashwa Mei 1960 na Theodore Maiman huko California, Marekani. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti katika nchi mbalimbali, wakiwemo Anton Fojtik na Arnim Henglein waliokuwa Berlin, walianza kupiga chuma kwa leza kikiwa ndani ya kimiminika.

Kinachotokea ni rahisi kukieleza, ingawa si rahisi kukitawala. Kipande cha chuma kinawekwa chini ya maji. Pigo fupi la leza linatua juu yake. Mahali lilipotua, chuma kinageuka mvuke wa moto mkali. Maji yanayozunguka yanachemka ghafla na kutengeneza puto dogo. Ndani ya puto hilo mvuke wa chuma unapoa na kuganda kuwa chembe za nano. Puto linapasuka, na chembe zinabaki zikielea majini. Hazina koti lolote, kwa sababu mara nyingi chaji ya umeme iliyo juu yake inatosha kuzizuia zisishikamane.

Kwa miaka mingi njia hiyo ilidharauliwa kwa sababu ilitoa chembe kidogo mno. Ukiharakisha mapigo, pigo la pili linagonga puto lililoachwa na la kwanza, na mwanga unapotea kabla ya kufika kwenye chuma.

Kundi la Essen linaloongozwa na Stephan Barcikowski lilitafuta njia ya kulikwepa puto. Mwaka 2016 lilichapisha matokeo ya leza yenye nguvu ya wati 500, inayopiga mara milioni 10 kila sekunde. Mwanga wake ulielekezwa na kioo kinachozunguka kwa kasi, hivi kwamba nukta ya mwanga ilikimbia juu ya chuma hadi mita 500 kwa sekunde, haraka kuliko sauti inavyosafiri hewani. Kila pigo lilitua mahali papya, puto likiwa limeachwa nyuma. Mavuno yalifikia gramu 4 kwa saa, na madini yaliyojaribiwa ni platinamu, dhahabu, fedha, aluminiamu, shaba na titaniamu.

Wati 500 zinaweza kuonekana kidogo, kwa kuwa pasi ya umeme inatumia zaidi ya hapo. Lakini kila pigo la leza hiyo linadumu pikosekunde 3 tu, yaani sehemu tatu za sekunde iliyogawanywa mara trilioni. Mwanga, ambao unaweza kuizunguka dunia mara saba kwa sekunde moja, hausafiri hata milimita moja katika muda huo. Nishati ikibanwa hivyo, kila pigo linafikia nguvu ya karibu megawati 17 kwa kitambo hicho kifupi.

Njia ya pili: mhunzi wa chembe

Njia ya pili ndiyo inayoigusa kobalti moja kwa moja. Hapa chembe zimekwisha kutengenezwa. Zinachanganywa na maji, na maji hayo yanaachwa yateremke kama uzi mwembamba au utando mwembamba. Leza inaupiga uzi huo unapopita, kwa hesabu inayofanya kila chembe ipate pigo moja tu, au idadi ya mapigo iliyopangwa.

Kiasi cha nishati ndicho kinachoamua matokeo. Nishati ikiwa kubwa, chembe inapasuka kuwa ndogo zaidi. Ikiwa ya kati, inayeyuka na kuwa ya mviringo. Ikiwa ndogo, umbo la nje halibadiliki, lakini ndani yake atomu zinahama.

Mtu aliyewahi kukaa karibu na mhunzi anaweza kuielewa hali hii ya tatu. Mhunzi anapasha jembe la chuma hadi liwe jekundu, kisha analizamisha ghafla majini. Jembe linakuwa gumu kuliko kama lingeachwa lipoe taratibu, kwa sababu atomu zake zimegandishwa kabla hazijapata muda wa kurudi mahali pake pa kawaida. Leza inafanya vivyo hivyo kwa chembe moja moja. Chembe inapata moto mkali kwa muda mfupi mno, kisha maji yanayoizunguka yanainyang’anya joto hilo kwa kasi ambayo hakuna tanuru linaloweza kuifikia. Atomu zinagandishwa katika mpangilio ambao kwa kawaida usingedumu.

Mipangilio hiyo isiyo ya kawaida huitwa kasoro. Katika kazi nyingine kasoro ni kitu kibaya. Katika uchocheaji, mara nyingi ndiyo mahali kazi inapofanyika. Katika oksidi, kwa mfano, atomu ya oksijeni ikikosekana juu ya uso, kinabaki kiti kitupu. Molekuli ya maji au ya oksijeni inayopita inaweza kukaa hapo, ikalegea na kubadilika.

Mwaka 2017, kundi la Essen na washirika wake walichapisha kazi juu ya oksidi ya kobalti na chuma iliyopigwa kwa leza ndani ya maji. Walionyesha kwamba uwezo wake wa kuchochea unaweza kurekebishwa kwa kupima kiasi cha nishati kinachoingizwa. Mwaka 2022 walirudi kwenye oksidi hiyo hiyo wakitumia pigo moja moja. Katika fuwele zake kuna vyumba vya aina mbili: vingine vina majirani wanne wa oksijeni, vingine sita. Pigo la leza liliwahamisha wapangaji, yaani atomu za kobalti na za chuma, kutoka chumba cha aina moja kwenda cha aina nyingine. Kobalti haikuongezwa wala kupunguzwa. Ilihamishwa chumba tu.

Maji yanayotoa mafuta ya kesho

Kwa nini kuhangaika na kobalti? Jibu kubwa ni hidrojeni. Umeme ukipitishwa ndani ya maji, maji yanagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni inaweza kutumika kutengeneza mbolea, kuzalisha chuma cha pua bila makaa ya mawe, au kuhifadhi nishati. Lakini upande wa oksijeni ni mgumu. Unakula umeme mwingi, na bila kichocheo kizuri gharama inapanda.

Katika mitambo inayofanya kazi kwenye mazingira ya asidi, kichocheo kinachovumilia ni iridiamu. Dunia nzima inazalisha chini ya tani 10 za iridiamu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Katika maji yenye asili ya magadi, madini ya kawaida zaidi kama nikeli, chuma na kobalti yanaweza kushika nafasi hiyo.

Mwaka 2013, huko California, watafiti wa Caltech akiwemo Astrid Müller na mkemia mkongwe Harry Gray walitengeneza chembe za oksidi ya kobalti kwa kupiga leza ndani ya kimiminika, na kuonyesha kwamba zinachochea utoaji wa oksijeni kutoka kwenye maji. Mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa nikeli na chuma, na kupata vichocheo vyenye nguvu kubwa.

Yasiyotatuliwa

Hata hivyo, teknolojia hii bado haijafika kiwandani kwa upana. Gramu 4 kwa saa ni chini ya gramu 100 kwa siku nzima bila kupumzika. Kwa kichocheo cha bei ghali, ambacho gari moja linahitaji gramu chache tu, kiasi hicho kina maana. Kwa mitambo mikubwa ya hidrojeni, bado ni kidogo. Njia ya pili, ya kurekebisha chembe zilizokwisha kutengenezwa, ina nafasi nzuri zaidi ya kuongezwa kiwango, kwa kuwa leza haihitaji kukwangua chuma kigumu.

Shida nyingine ni uimara. Oksidi ya kobalti inapofanya kazi ndani ya maji yenye umeme, uso wake hubadilika wenyewe. Kasoro iliyotengenezwa kwa ustadi leo inaweza kufutika baada ya saa nyingi za kazi. Pia kasoro zikizidi, chembe inadhoofika. Kwa hiyo watafiti wanapaswa kuonyesha si tu kwamba kichocheo kinaanza vizuri, bali kwamba kinaendelea.

Isitoshe, mabadiliko haya hayaonekani bila vifaa vikubwa. Kujua atomu ya kobalti imekaa chumba gani kunahitaji darubini za elektroni au miale ya eksirei kutoka kwenye mashine kubwa ziitwazo sinkrotroni. Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na watu daima ambalo halina hata moja.

Congo iko wapi katika hesabu hii

Februari 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Oktoba mwaka huo katazo hilo likageuzwa kuwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka kwa mwaka 2026 na 2027. Ni mkakati wa tani. Unashika mlango ili bei ipande, na kwa mchimbaji wa Kolwezi ambaye mapato yake yanapanda na kushuka pamoja na soko la London, jambo hilo si dogo.

Lakini kazi ya maabara za leza inakwenda upande mwingine. Lengo la mtafiti wa vichocheo ni kupata kazi kubwa kutoka kwenye chuma kidogo. Akifaulu, mteja atanunua kilo ambapo zamani angenunua gunia, na atalipa zaidi kwa kila kilo, kwa sababu ndani yake mna ujuzi. Malipo ya ujuzi huo yanabaki mahali ujuzi ulipo. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya Congo inasafishwa China, na vichocheo vinavyotokana nayo vinabuniwa Asia, Ulaya na Marekani.

Congo haiko mikono mitupu. Ina kobalti yenyewe. Ina maporomoko ya Inga, ambayo mabwawa yake mawili yaliyojengwa, la mwaka 1972 na la mwaka 1982, yana uwezo wa megawati karibu 1,775, wakati eneo lote linakadiriwa kuweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Ina Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chenye kitivo cha politekniki kilicholea wahandisi wa migodi kwa vizazi, na ambako mwaka 2022 kilizinduliwa kituo cha Afrika cha utafiti wa betri.

Kituo kama hicho hakihitaji kuanza na leza ya wati 500. Leza ndogo ya mapigo ya nanosekunde inatosha juu ya meza moja ya maabara, na ndiyo aina ya leza iliyotumika Essen katika kazi ya pigo moja moja. Kinachohitajika kabla yake ni kobalti safi: unga wa gunia unapaswa kuondolewa magnesiamu, manganizi na uchafu mwingine, kazi ambayo wakemia wa Katanga wanaijua kwa misingi yake. Kisha unageuzwa oksidi, unapigwa mwanga, unapimwa katika chombo kidogo cha kutenganisha maji. Vipimo vya sinkrotroni vinaweza kuombwa kwa washirika wa nje, kama watafiti wa nchi nyingi zisizo na mashine hizo wanavyofanya.

Kwa sasa, sampuli inayoweza kufanya kazi hiyo yote ingeingia ndani ya kijiko cha chai. Gunia moja tu kati ya yale yanayopita Kasumbalesa lingetosha kuilisha maabara kwa miaka mingi.